Daftari la Neno Moja

Mzee Pankrasi Luambano hakuwahi kupita nguzo ya simu bila kuiwekea sikio. Awe anatoka sokoni na kikapu cha dagaa, awe amevaa suti yake ya kahawia ya Jumapili, awe katika msafara wa kwenda kuzika, akifika kwenye nguzo alisogea pembeni, akaegemeza upande wa kushoto wa kichwa kwenye mti, akafumba macho kwa muda wa kuhesabu hadi tano. Kisha alijifuta shavu akaendelea na safari. Nguzo zile za zamani zilipakwa dawa nyeusi ambayo jua la Oktoba huiyeyusha, kwa hiyo kila kiangazi shavu lake la kushoto lilikuwa na doa ambalo mkewe, Mama Kunegunda, alikwisha kukata tamaa ya kulisugua.

Watu wa mtaa wetu wa Mfaranyaki, Songea, walimtania.

"Mzee Luambano, wanasemaje leo?"

"Wanakusema wewe."

"Wanasema nini?"

"Nenda kwa mkeo ukaulize. Mimi ni wa waya tu."

Alikuwa fundi wa laini za simu. Kwa miaka thelathini na mbili alipanda nguzo za barabara ya Njombe, za Mbinga na za Tunduru, na alisema mtu akishazoea anaweza kuijua hali ya waya bila kupanda. Waya mzima huvuma kama nyuki walio mbali. Uliolegea hugonga. Uliokatika haunyamazi kabisa, bali hulia kwa pumzi fupi fupi, na fundi asiyejua hudhani ni upepo.

Hakuacha kusikiliza hata baada ya kupunguzwa kazi, wala hata baada ya nyaya za barabara yetu kuteremshwa na nguzo kuachwa tupu. Siku moja mwaka 1995 nilimwona amesimama karibu na njia ya Bombambili, kichwa kimeegemea mti usio na kitu juu yake. Sikumuuliza alisikia nini. Wakati huo nilikuwa na sababu zangu za kutotaka maongezi marefu naye, nami nitazieleza.

Nilifika Songea mwaka 1989 kufundisha Kiingereza shule ya sekondari, nikitokea kwetu Upareni. Nilipanga vyumba viwili vilivyopakana na ua wake. Jumapili yangu ya kwanza, hata masanduku sijayafungua, nilisikia hodi. Alisimama mlangoni mzee mrefu, mwembamba, mabega yameinama mbele kama ya mtu aliyezoea kukumbatia nguzo, na kwapani ana kauntabuku la jalada jeusi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa Kiingereza?"

"Ndiyo, naitwa Judica."

"Nataka kukuuliza neno moja tu."

Sauti ya mwanamke ikapanda kutoka ng'ambo ya ua: "Mwalimu, mwambie hulijui! Ukimjibu leo, kesho anahamia hapo na godoro!"

"Huyo ni mke wangu," alisema bila kugeuka. "*Line* ni nini?"

Nilijibu haraka, kwa kujiamini kwa mtu aliyetoka chuoni. "Mstari."

Alinitazama kwa huruma. "Huo ninao." Akafungua daftari, akanionyesha mstari, ukiwa namba sita.

Daftari lile sasa liko kwangu. Ni la kurasa nyingi, lakini zilizoandikwa hazifiki arobaini, na zote ni za neno hilo moja la Kiingereza ambalo sisi tumeligeuza tukaliita laini. Kila maana ina namba, na chini ya namba ameandika nani alimwambia, mahali gani na mwaka gani. Namba mbili ni waya wa simu, aliyemwambia ni msimamizi wake wa kwanza, Gumbiro, 1961. Namba nne ni mshipi wa kuvulia samaki, kutoka kwa mlinzi wa ofisi yao, Mnyasa wa Mbamba Bay, aliyewahi kumwendeshea mzungu mmoja mashua ya kuvulia. Reli aliipata Makambako. Foleni aliipata mwaka 1983 akiwa amesimama ndani yake tangu alfajiri akingoja sukari, na pembeni ameandika, "Sukari ilikwisha." Nchi zilizo mstari wa mbele alizitoa redioni. Mikunjo ya kiganja cha mkono aliambiwa na mwanamke mpiga ramli aliyepita na wafanyabiashara wa Tunduru, ukoo wa mtu unaoshuka kutoka babu hadi mjukuu akaambiwa na Padre Fransisko. Mimi nilimpa mstari wa shairi, ambao hakuwa nao, akafurahi kama nimempa mbuzi.

Kazi yenyewe ndiyo iliyomfundisha namna ya kuandika. Fundi akiunga waya uliokatika hashuki mara moja. Hubaki juu ya nguzo, akachomeka simu yake ya majaribio, akaita upande wa kwanza: "Songea, mnanipata?" Wakijibu, ageuke aite upande wa pili: "Njombe, mnanipata?" Mpaka pande zote mbili zijibu, hata mvua inyeshe, hata siafu wampande miguuni, hashuki. "Ukisikia upande mmoja," aliniambia, "hiyo bado si laini. Ni waya tu." Basi na maana za neno lake aliziandika hivyo hivyo. Aliyoisikia kwa mtu mmoja aliiandika kwa penseli. Akipata mtu wa pili, asiyejuana na wa kwanza, akamwambia yale yale, ndipo alipitisha wino juu yake. Penseli yake fupi ilining'inia kwenye uti wa daftari kwa kipande cha waya wa shaba. Kalamu ya wino ilikaa mfuko wa shati, na haikutoka ovyo.

"Mume wa mwenzangu anakusanya ng'ombe," Mama Kunegunda alisema siku moja tukiwa tunachambua maharage barazani kwao. "Mwingine anakusanya mabati. Wangu mimi anakusanya laini."

"Ng'ombe hufa," mzee alijibu.

"Na mabati?"

"Hutoboka."

"Haya. Mimi najua laini moja tu, ugali laini. Hiyo umeiandika?"

"Hiyo si ya Kiingereza, mama."

"Basi jioni utakula ya Kiingereza."

Namba moja ilinichukua muda kuiona, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuufunika ukurasa wa kwanza kwa kiganja. Imeandikwa, "Nyumba za manamba, Tanga. Mama, 1947." Imepitishwa wino mwaka 1958, na jina la mzee aliyerudi kutoka mashambani limewekwa kando.

Baba yake, Alois Luambano, alichukuliwa na wakala wa vibarua kwenda kukata mkonge Tanga, Pankrasi akiwa na miaka tisa. Wengi wa Songea walikwenda hivyo, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kule waliishi kwenye vyumba vilivyojengwa safu moja, wenyewe wakiviita laini. Watoto wakimuuliza mama yao baba yuko wapi, alijibu, "Baba yenu yuko laini." Pankrasi aliniambia kwamba kwa miaka mitatu alidhani Laini ni mji. Barua ilikuja moja, imeandikwa na karani, na kipande cha karatasi chenye namba ya baba. Kisha hakuja mtu wala barua. Mama alikitunza kile kipande pamoja na stakabadhi za kodi ya kichwa. Mwaka ulipokwisha akavichoma vyote pamoja kama walivyofanya majirani, maana kodi iliyolipwa ilikuwa imekwisha, na yeye hakujua kusoma kwamba kimoja si cha kodi.

Pankrasi alipoajiriwa akawa fundi, jambo la kwanza alilolifanya na simu ya majaribio ni kosa. Ilikuwa mwaka 1962, juu ya nguzo, upande wa Madaba. Alimbembeleza opereta wa Songea, Songea akambembeleza Iringa, Iringa akaita Morogoro, na hivyo hivyo mpaka karani wa shamba la mkonge kule Tanga akajibu, sauti yake nyembamba kama ya mbu.

"Namtafuta Alois Luambano, Mngoni wa Songea."

"Namba yake?"

"Namba sina. Ni Alois Luambano."

"Bwana, hapa vitabu vyetu ni vya namba."

"Ni mrefu. Ana kovu la moto mkononi."

"Namba," alisema yule karani, si kwa ubaya. Kisha laini ikakatika.

Alipewa onyo kwa kupiga simu isiyo ya kazi. Aliniambia onyo halikumwuma. Kilichomwuma ni kwamba upande wa pili ulijibu, akausikia vizuri, na bado hakupata kitu. Mama yake alikufa bila kuweka matanga ya mumewe, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwambia kama ni mjane.

Mwaka 1994 shirika lao liligawanywa na watu wakapunguzwa. Ilikuwa miaka ya kupunguzwa. Shule yetu ilipunguza makarani, kiwanda kilifunga milango, na kila aliyekuwa na mshahara alitafuta kitu cha kuuza barazani. Mafundi wa mitambo mipya ya mawimbi walikuja na magari yao, hawakuhitaji watu wa kupanda nguzo. Mzee Luambano alikabidhi mkanda wa kupandia, koleo na simu ya majaribio. Alirudi nyumbani saa nne asubuhi, akakaa barazani na mikono mitupu juu ya magoti. Mama Kunegunda siku hiyo hakumtania. Hilo lilinitisha kuliko kama angelia.

Wiki ile ile alikuja kwangu.

"Mwalimu, maana ninazo ishirini na sita. Asili sina."

"Asili ya nini, mzee?"

"Ya neno. Kamusi yangu ndogo inasema lina maana hii na hii, haisemi limetoka wapi. Kabla halijawa la Waingereza lilikuwa la nani? Lilianza likiwa kitu gani? Haliwezi kuwa lilianza na vyote ishirini na sita."

"Kamusi kubwa zinaeleza. Kwenye maktaba kuu ya Dar zipo."

"Wewe si unakwenda Dar mwezi wa nane?"

Nilikuwa nakwenda. Mshahara wa mwalimu ulikuwa haufiki katikati ya mwezi, nami nilikuwa nimeanza kuuza mitumba siku za Jumamosi. Kila baada ya miezi michache nilipanda basi kwenda Kariakoo kununua robota la nguo za watoto.

"Nitakuangalizia," nilisema.

Hakuondoka. Aliligeuza daftari mikononi. "Baba yangu najua alikokwenda, sijui alikoishia. Hili neno najua lilikofika, sijui lilikotoka. Na mimi kifua changu si kizuri tena. La baba nimeshaliacha. Hili moja nataka nilijue kabla sijaondoka."

"Nitakuangalizia, mzee," nilirudia, na nilikuwa na nia.

Sikwenda maktaba. Ningependa kusema palikuwa na sababu kubwa. Robota la kwanza nililofungua lilikuwa limejaa makoti ya baridi ya watu wazima, nikapoteza siku nzima nikigombana na muuzaji anibadilishie. Siku ya pili miguu ilivimba. Maktaba ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka pale nilipokuwa nimekaa, juu ya mzigo wangu, nikinywa soda. Nililitazama jua, nikasema nitakwenda safari ijayo. Ni neno tu, nilijiambia.

Nilirudi Songea Jumamosi usiku. Jumapili asubuhi, nguo zimetandazwa mkekani chumba kizima, nikasikia hodi. Alikuwa amevaa suti ya kahawia. Misa ilikuwa bado saa moja na nusu. Alikuwa ameivaa kwa ajili ya neno.

"Umelipata?"

Ningeweza kusema sikulipata. Ningeweza hata kusema maktaba ilifungwa. Uongo huo mdogo ungetosha, angengoja miezi mingine minne. Lakini alisimama vile, mikono miwili imelishika daftari kifuani, uso umenyolewa mpaka unang'aa, na mimi nikaona aibu ya kumrudisha mikono mitupu.

"Nimelipata. Ni Kilatini, mzee. Maana yake ni njia. Njia nyembamba."

"Kilatini!" Alicheka, mara ya kwanza tangu alipopunguzwa. Alikuwa amehudumia altare tangu utoto, enzi za misa ya Kilatini. "Hicho cha misa?"

"Hicho hicho."

"Njia." Alilionja lile neno. "Ni kweli. Reli ni njia, waya ni njia ya sauti. Hata foleni ni njia. Uliliona kitabuni?"

"Niliona."

Akakaa kwenye kigoda, akafungua ukurasa wa kwanza. Juu kabisa, juu ya namba moja, palikuwa na nafasi aliyoiacha miaka yote hiyo. Nikaona mkono wake unakwenda mfuko wa shati.

"Mzee, si unaanzaga na penseli?"

"Penseli ni ya watu wanaosema. Wewe umesoma."

Akaandika polepole, kwa wino, kwa ule mwandiko wa shule za misheni wenye herufi zilizolala upande mmoja: "Asili. Kilatini. Njia. Mwalimu Judica, Dar es Salaam, Agosti 1994."

Siku tatu baadaye Mama Kunegunda alinipitishia juu ya ua kikapu cha maharage. "Mzee anasema ni asante ya lile neno. Sasa hanywi hata chai, anatembea kuwaambia watu. Umeniharibia mume, mwalimu." Alikuwa anacheka. Nilipika yale maharage. Niliyala wiki mbili.

Baada ya hapo nilijifunza saa zake za kupita. Nilitoka nyumbani mapema au nilichelewa, na tulipokutana nilisalimu nikitembea. Nilikwenda Dar mara tatu zaidi. Mtu angedhani ningekimbilia maktaba, lakini niliikwepa hata barabara yake. Niliogopa kwamba nikilijua neno sahihi nitalazimika kulisema.

Mwaka 1996 kifua chake kilishindwa. Miguu ilivimba, pumzi zikawa fupi. Hospitali ilimlaza mwezi mzima kisha ikamrudisha nyumbani. Kitanda chake kiliwekwa karibu na dirisha linalotazama barabara, na kutoka pale aliweza kuona nguzo moja.

Novemba ya mwaka huo nilipangiwa kusimamia mitihani ya kidato cha nne katika seminari moja nje kidogo ya mji. Siku ya pili, wakati wa mapumziko, nilipewa chumba cha maktaba nipumzike. Kwenye rafu ya chini, imelala kwa ubavu kwa sababu ya ukubwa, palikuwa na kamusi ya Kiingereza ya juzuu mbili. Kutoka kwenye kitanda cha Mzee Luambano mpaka pale hapakuwa hata na mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Ilikuwa pale miaka yote hiyo.

Niliifungua nikiwa nimesimama. Neno lilikuwa na safu tatu nzima. Asili ilikuwa mwanzoni, sentensi fupi. Linatokana na Kilatini, na hapo tu ndipo uongo wangu ulikuwa umebahatisha. Lakini si njia. Ni uzi. Uzi uliosokotwa kwa kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa vitambaa vyeupe. Watu wa kale waliuvuta uzi huo kunyoosha ukuta, kupima shamba, kuvua samaki, na alama iliyoachwa na uzi ikaitwa kwa jina la uzi. Nikanakili yote kwenye karatasi ya majibu iliyobaki.

Nilikwenda kwake jioni ile ile, kabla jua halijazama, vumbi la baiskeli bado liko miguuni. Alifariki siku ya nne baada ya hapo, na katika siku hizo sikumkuta tena akiwa na nguvu za kusema, kwa hiyo haya ndiyo yaliyokuwa maongezi yetu ya mwisho.

Mama Kunegunda alikuwa mlangoni anamenya mihogo. "Pita. Leo amekunywa uji. Usimchoshe."

Alikuwa ameketi, ameegemea mito. Alikuwa amepungua mno. Daftari lilikuwa chini ya mto mmoja, uti wake umejitokeza na ile penseli ikining'inia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umepotea."

"Mitihani." Kisha nikaona kwamba nikianza na mitihani nitamaliza na mitihani. "Mzee, lile neno. Sikwenda maktaba. Ile asili niliyokupa niliitunga."

Nje, kisu cha Mama Kunegunda kilisimama, kikaendelea.

"Nilichoka, mzee, nikaona aibu. Leo nimelisoma, la kweli, kwenye kamusi kubwa kule seminari. Hili hapa." Nilimsomea karatasi yangu. Nilipofika kwenye kitani aliinua mkono.

"Katani?"

"Hapana mzee. Kitani. Mmea mwingine, mdogo. Si mkonge."

"Lakini ni nyuzi."

"Ni nyuzi."

Akageukia dirisha. "Kitambaa cha altare ni kitani," alisema. "Nilikuwa nakikunja. Padre Mjerumani alitupiga vidole tukikikunja vibaya." Akavuta pumzi mara mbili tatu kabla hajaendelea. "Padre Fransisko nilimwambia, ule mwaka. Nikamwambia, baba, mwalimu anasema ni njia. Akasema, Pankrasi, njia kwa Kilatini ni *via*, umesahau hata njia ya msalaba? Nikamwambia mwalimu ameona kitabuni. Tukabishana. Nilimwambia mwalimu amesoma kuliko yeye."

"Nisamehe, mzee."

"Upande wa pili ulijibu," alisema, kama mtu anayeeleza kosa la fundi mwingine. "Ulijibu vizuri kabisa. Mimi ndiye sikusikiliza."

Alilivuta daftari kutoka chini ya mto, kwa shida, akanikataza nisimsaidie. Akafungua ukurasa wa kwanza. Ile asili ilikuwa pale juu, na wino wake ulikuwa bado mweusi kuliko wote. Nilisema nitaikata, nitaandika nyingine juu yake. Akatikisa kichwa.

"Iache. Niliandika mimi."

Palibaki ukingo mwembamba pembeni. Akaniwekea daftari magotini. Nilitoa kalamu kwenye mkoba, nikaifungua kifuniko. Akanitazama usoni, kisha akaitazama kalamu.

"Umelisoma katika vitabu vingapi?"

"Kimoja, mzee."

Alinyoosha mkono, akaifuata ile penseli iliyoning'inia kwenye waya wake, akaishika, akaniwekea kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa vidole vyake.

"Safari hii, mwanangu, andika kwa penseli."